Doa la Wanja

Zama hizo picha ya mtoto mdogo ilikuwa haikai ilivyopigwa. Kila mwaka mpya ilijiboresha yenyewe ukutani, na hapakuwa na wa kuizuia.

Mwanzoni Bi Mwanakombo alifurahi. Ilikuwa picha yake pekee ya mabinti zake wawili, Raya na Sabiha, wameketi mkekani. Ikawafuta makamasi, ikawachana nywele. Mwaka uliofuata ikamnyoosha Raya makengeza. Kisha ikayalaza masikio ya Sabiha, yale ambayo marehemu baba yao alizoea kuyavuta akimwita, "Sungura wangu!" Ikawalinganisha hata kimo. Mwaka huu ikaondoa hata wanja aliokuwa akiwapaka kwa kidole, huyu kwenye paji, yule shavuni, ili jicho la hasidi lisiwapate. Picha iliona ni uchafu.

Raya alipokuja kusalimia, kichanga chake begani, alisimama mbele ya picha.

"Mama, Sabiha ni yupi?"

Sabiha alichukuliwa na surua kabla hajajua kutamka jina lake.

"Swali gani hilo, mwanangu?"

Bi Mwanakombo akaleta kichupa cha wanja, akachovya kidole ili amtie doa pichani mwanawe aliyetangulia mbele ya haki. Nyuso mbili nzuri zikamchekea sawasawa. Kidole kikaenda kwa huyu, kikarudi kwa yule, kikabaki hewani.

"Hebu nigeukie, Raya, nikutazame."

Raya akamgeukia na makengeza yake, ambayo pichani hayakuwa tena ya yeyote.