Geti la Bi Hafsa

Mguu wa kulia ndio uliotangulia kuonekana juu ya ukuta, umevaa kiatu cha ngozi kilichopigwa rangi vizuri. Kisha ukafuata wa kushoto. Pendo aliacha kukanyaga cherehani, sare ya shule ikabaki nusu chini ya sindano.

"Hodi humu ndani," ilisema sauti ya mwenye miguu.

Pendo hakusema karibu. Alipiga yowe lililosikika mtaa mzima wa Chanika, pale Handeni.

Mwenye miguu alishtuka, akateleza, akatua chali ndani ya beseni la nguo za Grace, mpangaji wa chumba cha mbele. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye begi mgongoni. Kabla hajajizoa, Mustapha, fundi baiskeli anayepanga chumba cha pili, alishamkalia kifuani. Mchana kweupe! Wezi wa siku hizi hawana hata haya ya kungoja giza.

Pendo alikuwa na sababu ya kupiga yowe. Kule Korogwe alikopanga zamani, cherehani yake ya kwanza ilitolewa kupitia mlango ambao alishauombea komeo mpaka akachoka. Mwenye nyumba alimpa pole, akamwambia mali ya mpangaji ni juu ya mpangaji. Alirudi kwa dada yake Makuyuni kulima vibarua vya watu mpaka akapata hii ya pili. Ikiondoka na hii, hana tena pa kuanzia.

Ndiyo maana alimpenda Bi Hafsa. Asubuhi ile ya kwanza alipokuja kutafuta chumba alimkuta mama huyo kainama, anafagia uwanja.

"Shikamoo, mama mwenye nyumba."

"Marahaba, mwanangu. Vyumba vipo."

Kabla hata ya kutaja kodi, Bi Hafsa alimwonyesha komeo. La ndani na la nje.

Mtu wa namna hiyo humpati Handeni yote. Taa ya uani aliiweka yeye. Geti la chuma alimwita yeye fundi wa kuchomelea, akamsimamia mpaka mwisho, na ufunguo akauvaa shingoni. Mgeni asiyetambulishwa hakuvuka. Alikobakiza ni juu ya ukuta tu. Vipande vya chupa aliahidi kuvipanga baada ya mavuno. "Ukimpa mtu chumba umempa na usingizi," alizoea kusema. "Akiibiwa kwako, aibu ni yako."

Sasa mwizi alikuwa analalamika.

"Nimepiga hodi pale nje mpaka nimechoka," alisema kutoka chini ya Mustapha. "Hili geti limewekwa lini?"

"Yaani tumekubana, halafu wewe ndiye unayeuliza maswali?" alisema Grace, akitazama nguo zake.

"Niitieni Hafsa."

Walitazamana. Si Bi, si mama. Hafsa kavu, kama anaita mtoto aliyemtuma chumvi. Kumbe mwizi ameichunguza nyumba mpaka majina anayajua. Alipofungua mdomo tena, Grace aliujaza khanga, akakaza fundo kisogoni. Mustapha akamfunga mikono kwa mpira wa baiskeli. Vichwa vya majirani vilishachomoza juu ya ukuta, na kimoja kiliuliza kwa upole kama mawe yanahitajika. Pendo alikuwa ameshika pasi ya mkaa, ya moto. Hakujua ameichukua saa ngapi.

Bi Hafsa alitoka chumbani kwake akifuta mikono. Alimtazama yule mtu. Yule mtu akamtazama, akapiga miguu chini na kuguna kwa nguvu. Bi Hafsa aligusa ufunguo shingoni, kama aliyekumbuka kwamba ameacha kitu jikoni.

"Asiguswe," alisema. "Pendo, weka pasi chini. Mkimuua tutafungwa sote. Msogezeni kivulini, jua kali hili. Mwenyekiti wa mtaa nitamfuata mwenyewe."

"Si tumpigie simu, mama?" aliuliza Mustapha.

"Mambo mazito hayaendi kwa simu."

Aliingia ndani, akachelewa kidogo, akatoka amevaa baibui, mkononi ana mfuko. Alipotoka alilifunga geti kwa nje, mwizi asije akapata mwanya. Pendo alihisi machozi yanamlenga. Mtu anayemjali mpaka mwizi asipigwe na jua! Hata akipandisha kodi, aliapa moyoni, sihami hapa.

Walingoja. Maharage ya Grace yakaungulia jikoni. Yule mtu aliacha kuguna, akawa anawatazama tu. Mwishowe Mustapha akapiga simu hivyo hivyo.

Mzee Zaidi, mwenyekiti, alifika kwa bodaboda, akasimama nje akishika nondo za geti kwa mikono miwili.

"Fungueni."

"Ufunguo anao Bi Hafsa, mzee," alisema Pendo. "Kwani hajafika kwako?"

"Kwangu? Nimemwona stendi anapanda gari la Korogwe. Tena kanisalimia vizuri sana." Mzee Zaidi alikaza macho kuelekea kivulini. "Hebu mtoeni huyo khanga, nimwone uso."

Grace akalegeza fundo.

"Hiza!" alisema Mzee Zaidi. "Umerudi lini kutoka Mtwara?"

"Leo, mwenyekiti." Hiza alitema nyuzi za khanga, akageuza shingo, akawatazama Pendo, Grace na Mustapha, mmoja mmoja, bila ugomvi. "Humu nilimwacha mpangaji mmoja tu, Hafsa. Hawa wengine wametoka wapi?"