Breki ya Mkononi

Pikipiki ya magurudumu matatu ya Fundi Msabaha ilikuwa imewashinda wanaume wa mji ule. Aliiunda mwenyewe kwa ajili ya kaka yake asiye na mguu wa kulia, breki zote akazihamishia mkononi. Kaka alipohamia kwa wanawe, ikabaki uani ikingoja mnunuzi. Kila aliyekuja kuijaribu aliitikia kwa kichwa maelezo ya fundi, akaondoka kwa mbwembwe, kisha mguu wake ukatafuta breki, ukakanyaga hewa, na safari ikaishia kwenye banda la kuku.

Zamda alipofika na mkongojo wake, fundi alichungulia nyuma yake.

"Mnunuzi yuko wapi, dada?"

"Ndiye mimi."

"Hiyo ni korofi, dada yangu. Waulize kuku wangu."

Zamda aliuegemeza mkongojo kwenye banda, akapanda, akauinua mguu wake wa kulia kwa mikono miwili na kuuweka mahali pake, kama alivyozoea tangu utotoni popote alipokaa. Akawasha. Kuku, waliokwishajua mambo hayo, wakakimbilia pembeni.

Pikipiki ikalielekea banda moja kwa moja. Zamda akabana breki ya mkononi, ikasimama shubiri moja kabla ya mbao. Akacheka peke yake, akakata kona kuelekea langoni.

"Teleka chai, fundi. Nikirudi tuongee bei."

"Dada, mkongojo wako!"

Honi ikajibu kutoka mtaa wa pili, kisha mbali zaidi. Fundi alipogeuka, jogoo alikuwa amekwishapanda juu ya mkongojo, ananyoosha shingo awike.