Matundu ya Banda

Niliona kitenge changu kimesokomezwa kwenye tundu la hewa. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema moyoni kwa hasira.

Matundu yale niliyatoboa mwenyewe juu ya ukuta wa banda ili unyevu utoke, miche ya nyanya isishikwe na ukungu. Mume wangu yeye anaogopa baridi tu. Jana tulibishana mpaka chakula kikapoa.

"Ukungu hauui kwa usiku mmoja," aliniambia. "Baridi inaua."

Kisha akabeba mto wake, akaenda kulala na miche kama kuku anayeatamia.

Asubuhi hii matundu yote yalikuwa yamezibwa matambara. Nikagonga mlango.

"Baba watoto, jiko la mkaa umeliweka wapi? Nataka kuchemsha chai."

Nikagonga tena, kisha nikasogea kuchungulia.

Kidirisha cha plastiki kilikuwa kimejaa matone kwa ndani. Kila akilala humo, asubuhi hukipangusa kwa kiganja, akanichungulia na kunicheka. Leo alama ya kiganja ilikuwepo, ila ilianzia katikati ikateleza chini mpaka ukingoni.

Harufu ya mkaa ilikuwa ikipenya chini ya mlango.

Komeo lilikuwa kwa ndani. Nikashika jembe, nikapiga mpaka mbao zikaachia. Joto zito lenye maji likanipiga usoni.

Miche ilijaa sakafu nzima, imesimama wima, mibichi, haina hata doa.

Nikaikanyaga yote kumfikia.