Laini Haionekani

Siku hizi kila nyumba ina laptopu yenye laini kama ya simu, na lolote tunalosema sebuleni hufika Ofisi ya Mazungumzo. Tumeshazoea. Ndiyo maana juzi mchana ilipoandika "Laini haionekani", mume wangu Shekue alitokwa jasho.

Akaizima, akaiwasha. Akaichomoa laini, akaifuta kwa pindo la khanga yangu, akairudisha. Wapi!

"Imelegea hiyo, Baba Rukia," nikamwambia. "Itie kikaratasi kwa juu, ibane."

Huku anakikunja kikaratasi, akaanza kunisimulia alivyotetemeka mbele ya baba yangu siku ya posa. Miaka thelathini ya ndoa, sikuwahi kuyasikia hayo. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Alipokitia kikaratasi, laini ikashika, na maandishi yakatokea: "Karibuni tena. Mlikuwa mkizungumza nini?"

"Tulikuwa tunatafuta laini," Shekue akajibu. Ikashukuru.

Leo nimemkuta na laptopu mapajani, kikaratasi keshakitoa, kiko mezani.

"Haionekani, Mama Rukia," akasema, akanivutia kiti.

Nikafunga dirisha kwanza, ndipo nikakaa.