Kunguru Mgawa Meno

Zamani hizo jino la mtoto liling'oka, likaota jingine, na hakuna aliyehoji. Kunguru ndiye aliyeona kuwa hapo pana ulaji. Akatua juu ya paa la Mama Ngedere, akatangaza, "Jino likitoka, nirushieni huku juu pamoja na karanga. Jipya nitalileta mimi!"

Wanyama wakarusha. Meno yakaota kama kawaida, Kunguru akanenepa mpaka paa likabonyea, na watoto wakafundishwa kumwamkia, "Shikamoo, Mgawa Meno."

Nungunungu, mbishi wa kuzaliwa, akamwambia mbele ya wote, "Mzee, hebu fungua mdomo na sisi tuyaone ya kwako."

Kunguru akajifanya hasikii. Nungunungu akarusha karanga moja hewani, na yule mlafi akapanua mdomo kuidaka. Ndani mlikuwa mtupu, hata pengo hamna.

"Mmeona? Hana hata moja!"

Kisha Mama Ngedere akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Maskini! Ametugawia yote, mwenyewe hakujibakizia."

Tangu hapo meno hurushwa paani, na karanga ziliongezwa siku ileile. Nungunungu akatakiwa aombe radhi.