Mgeni wa Miaka Thelathini

Askofu Anselmi alikuwa amewatumikia watu wa mji ule wa ugenini miaka thelathini. Jumapili ile aliwaambia kwamba amestaafu, na kwao wanamwita arudi akapumzike.

Mama Skolastika, mwenyekiti wa akina mama, alikwisha kusikia fununu. Akasimama na jembe jipya, akamfuata hadi altareni.

"Baba Askofu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tumechelewa miaka thelathini, utusamehe. Shamba lako liko kando ya langu."

"Na wakiniita tena?"

"Waambie hujamaliza kupalilia."

Askofu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akavua kofia ya kiaskofu, akalitia jembe begani, akatoka kwa vigelegele, kanzu yake nyeupe ikiburuzika vumbini, na kanisa zima likimfuata kuelekea shambani.