Yungiyungi la Mdogo Wake

Yungiyungi alilolichukua kwa marehemu mdogo wake lilichanua asubuhi hiyo, na halikuwa jekundu.

Fundi cherehani alichuchumaa mbele ya chungu chini ya ukuta wa nyumba yake, pini ingali mdomoni. Petali zilikuwa na rangi ya chungwa iliyopauka, kama kitambaa kilichofuliwa kupita kiasi. Alizigusa kwa ncha ya kidole. Halikuwa na tofauti yoyote na yungiyungi lake mwenyewe, lililokaa miaka yote chini ya ukuta uleule.

Hilo lake alipewa walipomzika mama yao. "Tugawane mche, dada," mdogo wake alimwambia, "nusu kwako, nusu kwangu." La mdogo wake likatoka jekundu la kuiva, lake likatoka limefifia. Akaamini amepunjwa ua la mama. Alinuna, na kununa kukawa mazoea. Hata mdogo wake alipougua, akalala kitandani asiinuke, hakukanyaga kwake.

Baada ya mazishi ndipo alipokwenda kulibeba lile jekundu. Alilichukua likiwa limechanua, akauona wekundu wake kwa macho yake kabla ua lile halijanyauka.

Binti wa marehemu, aliyekuja kukaa naye, akatoka na ndoo ya nguo.

"Limechanua, mama mkubwa?"

Binti akaitua ndoo, akatazama kuta ndefu zilizowazunguka.

"Mama alijua kwa nini lako limepauka. Alikuwa akisema huku kwako jua halifiki, ndiyo maana." Akakamua shati, akalikung'uta. "Nilimwambia akupigie simu. Akasema iko siku utamuuliza mwenyewe."